Baiskeli Tuliyoiacha Kijijini



Bila shaka mnakumbuka kikao chetu cha mwezi uliopita. Ajenda ilipofika kwenye safari ya mwaka, niliinua mkono nikapendekeza kwamba safari hii tusikodi basi. Twende kwa baiskeli na mahema, siku nne, kutoka pwani ya magharibi ya Uingereza hadi pwani ya mashariki. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kaka mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Injinia, hiyo tuliiacha kijijini!" Mwenyekiti akagonga meza, watu wakafuta machozi, tukahamia ajenda ya chakula.

Sikukasirika. Nilicheka nao, maana maneno yale yale niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, tena mbele ya baba yangu mzazi. Nitalifikia hilo. Ila nimemwomba mhariri nafasi nijieleze vizuri, kwa sababu nilichopendekeza nimeshakifanya. Mwishoni mwa Mei 2025 tulikwenda watu watatu wa chama hiki hiki: mimi, dada mmoja Mkenya wa Busia anayesoma afya ya jamii, na ndugu mmoja wa Burundi anayesoma sheria. Hakuna kati yetu aliyewahi kusafiri kwa baiskeli na kulala kwenye hema. Tulikosea mambo mengi sana. Hoja yangu ni kwamba makosa yale yana faida kwa chama kuliko picha zote tulizopiga ndani ya basi.

Njia yenyewe

Njia tuliyopita inaitwa C2C, yaani bahari hadi bahari. Ilifunguliwa mwaka 1994. Inaanzia Whitehaven kwenye Bahari ya Ireland, inakatiza milima ya Cumbria na ile ya Pennines, na kuishia Tynemouth, hapa hapa jirani na Newcastle tunakoishi. Ni kilomita 225 hivi. Sehemu kubwa ni barabara ndogo za mashambani na reli za zamani zilizong'olewa vyuma zikawa njia za baiskeli. Vibao vya bluu vinakuongoza. Watu wengi huanzia magharibi kwa sababu upepo wa nchi hii mara nyingi unatoka huko, kwa hiyo unakusukuma mgongoni. Desturi ni kuchovya gurudumu la nyuma baharini unapoanza, na la mbele unapomaliza.

Kufika Whitehaven tulipanda treni kutoka Newcastle kupitia Carlisle. Hapo tukapata somo kabla hata ya kukanyaga pedeli: treni zile zina nafasi ya baiskeli mbili tu, anayewahi ndiye anayepata. Sisi tulikuwa watatu. Ndugu yetu wa Burundi akabaki stesheni akisubiri treni ya pili, akatukuta saa moja na nusu baadaye tumekaa ukutani bandarini tunakula chapati. Mkienda kundi la watu kumi, jamani, hili lipangeni mapema.

Hesabu yangu na mzigo wangu

Sasa niseme ukweli kuhusu mzigo. Mimi ni mtu wa mahesabu. Wiki mbili kabla ya safari nilikaa na daftari nikapiga hesabu ya kila mlima. Mkubwa kuliko yote kwa umaarufu ni Hartside, ambao kilele cha barabara kiko mita 580 juu ya usawa wa bahari. Kutoka vijiji vya chini unapanda kama mita 400. Mimi, baiskeli na mizigo tulikuwa jumla ya kilo 130. Kunyanyua kilo 130 kwenda juu mita 400 kunadai kilojuli 510. Miguu yangu inaweza kutoa wati 120 bila kuhema sana, kwa hiyo nitatumia kama dakika 71. Nikajiuliza: nikipunguza kilo 10 nitaokoa kiasi gani? Jibu likaja dakika tano na nusu.

Dakika tano na nusu tu! Nikafunga daftari. Unga ubaki, sufuria ibaki, mwiko ubaki. Kompyuta nayo ibaki, maana sura ya nne ya tasnifu ilikuwa imekwama na msimamizi wangu ananisubiri. Vitabu viwili navyo. Koti la pili. Mzigo ukafika kilo 31.

Mabegi ya pembeni ya keria yanauzwa bei ambayo mtu wa ufadhili kama wangu anaitazama dirishani tu, kwa hiyo nilichukua begi langu kubwa la mgongoni, lile nililokuja nalo kutoka Tanzania, nikalisimamisha juu ya keria na kulifunga kwa kamba za katani. Juu yake nikaweka hema. Kwa mbali, dada wa Busia aliniambia, nilionekana kama nimepakia abiria.

Siku ya kwanza ilianza vizuri. Kutoka Whitehaven unapita njia ya reli ya zamani, mteremko na mwinuko ni wa taratibu kwa sababu treni haziwezi milima mikali. Tukapita ziwa la Loweswater, tukapanda Whinlatter tukihema lakini tukicheka. Tatizo lilinikuta kwenye mteremko wa kushukia Braithwaite. Baiskeli ilipokolea mwendo, usukani ukaanza kutikisika kushoto kulia, kwanza kidogo, kisha kama mtu mwenye homa ya malaria. Nikashika breki, mtikisiko ukazidi. Kushoto kuna ukuta wa mawe, nyuma yangu kuna gari. Nilichofanya si utaalamu wowote, nilibana fremu kwa magoti kwa hofu tu, na mtikisiko ukapungua kiasi cha kuniwezesha kuingia kwenye majani. Nikakaa chini. Mikono ilikuwa inatetemeka hata chupa ya maji sikuweza kuifungua. Dada wa Busia akaja, akanifungulia, hakusema neno. Nilikuwa nafikiria nani angempigia simu mama.

Kesho yake, baada ya Keswick, tukapita njia ya reli ya kwenda Threlkeld. Kwa wale wa idara yetu, njia hii peke yake inatosha kuwa sababu ya safari. Mafuriko ya Desemba 2015 yaling'oa madaraja na kula kingo za mto Greta, ikafunguliwa tena Desemba 2020 ikiwa na madaraja mapya na handaki la zamani ambalo lilikuwa limefukiwa kwa miaka mingi. Nilikuwa natazama viungo vya daraja kwa furaha, ndipo nikasikia "ting!" Spoku ya gurudumu la nyuma imekatika. Baada ya kilomita kumi nyingine, "ting!" ya pili.

Tukafika Penrith gurudumu linayumba kama mlevi. Fundi baiskeli wa pale alibadilisha spoku zote mbili na kuninyooshea rimu kwa muda wa nusu saa. Kisha akautazama mzigo wangu, akazunguka nyuma yake, akarudi mbele. Akaniuliza nani kaufunga. Nikamwambia mimi. Akaniuliza nasoma nini chuoni. Nikabadilisha mada.

Simu ya Tabora

Jioni hiyo tulipiga kambi kijiji cha Langwathby, tukiwa hatujafika hata nusu ya tulipopanga kulala. Hartside ilikuwa inatungoja asubuhi. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja, Tabora saa moja jioni, nikampigia baba.

Hapa inabidi niwaeleze kidogo. Baba yangu alitulea kwa mkaa. Alikuwa anatoka maporini na Phoenix yake, magunia mawili, siku nyingine matatu, anafika mjini Tabora anauza, anarudi. Ada yangu ya sekondari ilipita juu ya keria ile. Mwaka 2019 nilipopata kazi yangu ya kwanza kwa mkandarasi mmoja wa barabara, nilimnunulia pikipiki kwa mafungu. Ile Phoenix nikaigawa kwa binamu yangu bila kumuuliza. Nilimwambia, "Baba wa injinia hawezi kuonekana na baiskeli. Hiyo tumeshaiacha." Aliniambia ahsante mwanangu, akatabasamu, nikaondoka nikiwa najiona mwana mwema.

Basi jioni ile ya Langwathby nikamwamkia, akaitika marahaba, nikamwambia niko safarini na baiskeli. Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Una matatizo ya nauli?"

"Hapana baba. Ni matembezi."

"Matembezi." Alilirudia neno lile polepole. Nikamweleza usukani unavyotikisika, spoku zinavyokatika, na nikamweleza hesabu yangu ya kilo na dakika. Akasikiliza yote. Kisha hakuniuliza una kilo ngapi. Aliniuliza, "Umeufungaje?"

Nikamwambia umesimama juu ya keria. Akacheka hadi akakohoa.

"Mwanangu, mzigo ukikaa juu unakuwa dereva, wewe unakuwa abiria. Ushushe. Ugawe mara mbili, kulia na kushoto, uwe sawa, upime kwa mikono. Kizito kikae chini kabisa karibu na ekseli. Chepesi ndiyo kiende juu. Halafu kitu kingine kizito kiende mbele kidogo, usukani upate adabu. Na hizo kamba zitupe. Kamba inalegea. Tafuta tyubu mbovu, uchane, ufunge kwa mpira. Mpira unakaza wenyewe kila barabara inaporuka."

Nikamwambia kesho kuna mlima wa mita 400.

"Sukuma."

"Watu hapa wanapanda wote, baba."

"Wana magunia?"

"Hapana."

"Basi wewe sukuma. Baiskeli ya mzigo mlimani inasukumwa. Nani alikuambia ni aibu?"

Kabla hatujaagana nikamuuliza, kwa utani tu, kama anaikumbuka Phoenix. Akanyamaza tena. Akasema, "Ipo." Kumbe aliikomboa kwa binamu yangu mwezi ule ule, kwa mbuzi mmoja. Pikipiki huitoa mara chache, mafuta ni ghali na shamba ni karibu. Na mimi nilipokuwa nakwenda likizo, baiskeli ilikuwa inalala kwa jirani, isije ikanikera.

Wana chama, nilikaa mlangoni mwa hema mpaka giza likaingia, na mwisho wa Mei huku giza linachelewa sana. Mzee wa miaka sitini na tano anaficha baiskeli yake kwa ajili ya heshima ya mtoto wake. Sijui ninyi mngejisikiaje.

Hesabu ilikuwa sahihi, swali ndilo lilikuwa baya

Asubuhi ndugu wa Burundi alitoa tyubu mbovu mbili kutoka kwenye begi lake. Alikuwa nazo muda wote! Alipoona namshangaa akanikumbusha wale vijana wanaoteremka na ndizi kwenda Bujumbura, mikungu imefungwa mpaka baiskeli haionekani, na kurudi mlimani wanadandia nyuma ya malori. Kwao kufunga mzigo kwa mpira si jambo la kuulizia. Nikagawa begi langu kwenye mifuko miwili ya turubai, nikaining'iniza kulia na kushoto kwa fito mbili za kuni tulizookota, sawasawa na alivyosema mzee. Sufuria na unga chini. Kompyuta na nguo za akiba tukazifunga mbele kwenye usukani. Kilo zikabaki zile zile 31.

Baiskeli ikawa nyingine kabisa. Mtikisiko ukaisha. Hakuna spoku iliyokatika tena hadi baharini.

Angalieni hapo. Hesabu yangu haikuwa na kosa, mnaweza kuirudia. Kosa ni kwamba nilihesabu nishati nikasahau uthabiti. Mzigo ukikaa juu na nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kila mtikisiko mdogo wa fremu unakuzwa na uzito unaoning'inia huko juu. Gurudumu la nyuma linabeba karibu kila kitu, spoku zinakazwa na kulegezwa kila mzunguko mpaka zinachoka. Mambo haya nimeyasoma darasani na mitihani yake nilifaulu. Lakini mtu aliyeyajua kwa mikono yake alikuwa Tabora, na nilikuwa nimemwambia aache.

Hartside tulisukuma. Siyo yote, ila sehemu zenye mwinuko mkali tulishuka tukasukuma, na wazungu waliotupita kwa baiskeli zao nyepesi walitusalimia kwa heshima. Juu tuliona hadi ghuba ya Solway. Ule mkahawa uliokuwa kileleni uliteketea kwa moto mwaka 2018, kwa hiyo msije mkategemea chai pale kama sisi.

Mambo mengine tuliyojifunza kwa tabu

Niyaseme kwa kifupi, yawasaidie watakaokwenda.

Ramani haisemi ukweli wote. Tulipanga kilomita 60 kila siku kwa sababu 225 ukigawa kwa nne unapata kama hizo. Siku ya tatu, pamoja na Hartside, Nenthead na mlima wa kwenda Allenheads ambapo njia inavuka mita 600, hatukufikisha hata 45 na tulichoka kuliko siku zote. Siku ya nne, kutoka Stanhope ukishapanda, kuna reli ya zamani inayoteremka taratibu hadi Consett, mji ambao kiwanda chake cha chuma kilifungwa mwaka 1980, na kutoka hapo hadi mto Tyne ni kama kuteleza. Siku hiyo tulikwenda karibu 80 bila kunung'unika. Gawanyeni safari kwa milima, msigawanye kwa kilomita.

Kula kabla ya njaa. Mimi nilisubiri njaa ije, kama tulivyozoea. Kwenye baiskeli njaa ikija umeshachelewa, miguu inakuwa maji na unaanza kuwachukia wenzako bila sababu. Dada wa Busia alikuwa anakula kipande kila baada ya nusu saa, chapati iliyopakwa siagi ya karanga. Ugali wangu niliusonga mara moja tu, moto wa jiko la gesi ukachoma katikati na kuacha pembeni mbichi. Unga uliobaki nilirudi nao nyumbani.

Ardhi ndiyo yenye baridi. Nilibeba blanketi mbili za kujifunika na kigodoro chembamba cha mazoezi. Karibu na Allenheads nilitetemeka usiku kucha. Mfuko wa kulalia ukiulalia unabanwa, hewa inatoka, kwa hiyo chini ya mgongo huna kinga. Fedha yako ya kwanza inunue kitu cha kulalia, ya kujifunikia baadaye.

Piga hodi. Hili ndilo lilikuwa gumu kuliko milima. Kisheria, hapa Uingereza huwezi kupiga hema popote upendapo bila ruhusa ya mwenye ardhi. Dartmoor ni ya pekee, na haki hiyo ilithibitishwa na Mahakama ya Juu mwezi huo huo wa Mei 2025. Scotland wana sheria yao ya mwaka 2003 inayoruhusu kwa utaratibu. Sisi tulikuwa England, jioni imeingia, kambi hatujafikia, na mbele kuna nyumba ya mkulima. Tulisimama getini dakika kumi tunabishana nani aende. Kila mmoja alikuwa anawaza kile kile, hawa watu watatuonaje, weusi watatu wenye matope. Mwisho dada wa Busia akasema, "Nyinyi wanaume kaeni hapo," akaenda, na kwa mazoea akaita "Hodi!" mbele ya mlango wa mzungu. Alitoka mzee mwenye mbwa wawili. Akatupa kona ya malisho yake kwa masharti matatu: msiwashe moto, fungeni geti, muondoke kabla ya saa mbili asubuhi. Tuliyafuata yote. Nimekaa nchi hii miaka mitatu, na ule ulikuwa mlango wa kwanza wa mtu nisiyemjua kubishwa na kundi langu. Sisemi kila mlango utafunguka. Ila ndani ya basi hakuna mlango wowote unaoubisha.

Majibu kwa waliocheka

Najua hoja zenu, wengine mlinifuata baada ya kikao.

Wapo wanaosema hatukuvuka bahari kuja kupanda baiskeli. Lakini kumbukeni neno bodaboda limetoka wapi. Dada wetu wa Busia anatembea kifua mbele kwa hilo, kwa sababu lilianzia kwao mpakani, kwa baiskeli zilizobeba watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, kabla pikipiki hazijachukua jina. Goma wamemjengea sanamu mwendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alivaa jezi ya kijani ya Tour de France hadi Paris wakaikabidhi kwake, samahani, mwaka ule ilimalizikia Nice, si Paris. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kwenye ardhi ya Afrika. Kwa hiyo baiskeli hatukuiacha kijijini. Sisi ndio tuliojitenga nayo.

Wapo wanaosema ni gharama. Hema langu la mtumba lilinigharimu paundi 35, baiskeli ya mtumba 90. Kiti kimoja cha basi letu la mwaka jana pamoja na hoteli kilizidi jumla ya hivyo viwili, na mnajua wenzetu wangapi hawakuja kwa sababu hiyo, wakasingizia shifti. Baiskeli na hema vinabaki, mwakani unakwenda tena bila kununua kitu.

Wapo dada zetu wanaouliza usalama. Hoja hii ni ya kweli na sitaifanyia mzaha. Barabara zina magari, na kulala nje kuna hofu yake. Ndiyo maana nasema twende kundi, tulale kwenye kambi rasmi, na kamati ya dada ndiyo ichague wapi. Dada wa Busia yuko tayari kuongoza, na ninyi mnamjua.

Wapo wasiojua kuendesha. Wako wengi kuliko wanavyokiri! Ndugu wa Burundi amejitolea kufundisha Jumamosi asubuhi, uwanja wa nyuma wa maktaba, bila kuchekwa.

Pendekezo langu

Sitaki turukie siku nne. Hilo ndilo kosa letu kubwa sisi watatu, hatukujaribu hata usiku mmoja. Naomba kamati ikubali safari ya majaribio ya usiku mmoja, tufuate njia ya kando ya mto Tyne kuelekea Wylam, kijiji alikozaliwa George Stephenson wa reli mwaka 1781. Ni kama kilomita 16 tu, barabara ni tambarare, na ukishindwa kuna treni ya kukurudisha. Tukale, tulale, tuone nini kimelowa na nini kimesahaulika. Wakipatikana watu kumi wanaotaka kuendelea, mwezi Mei twende bahari hadi bahari. Chama kinunue mahema matatu yawe mali ya wote, yaazimwe kwa zamu kama tunavyoazimana sufuria kubwa za pilau.

Na kabla ya safari, kila atakayekwenda apige simu nyumbani amuulize mzazi, mjomba au shangazi, namna walivyokuwa wanafunga mzigo. Wenzangu, tunaandika tasnifu juu ya usafirishaji vijijini na tunanukuu vitabu vya watu waliokwenda kwetu wiki mbili. Wenye ujuzi wapo hai, wanapokea simu, na baadhi yao wanaficha baiskeli kwa jirani kwa sababu yetu.

Jumatatu ile jioni tulifika Tynemouth, tukachovya magurudumu ya mbele kwenye Bahari ya Kaskazini. Nikapiga picha ya mzigo, siyo ya bahari, nikaituma Tabora. Jibu lilikuja kesho yake, mzee alikuwa amemwomba kijana wa jirani amwandikie: "Upande wa kushoto umezidi."

Nikaenda kuupima. Ulikuwa umezidi kilo moja na nusu.

Naomba kutoa hoja.